Kisanduku cha Arnulfo

Nesi Fabiola aliuchora ukoo wa Nidia na mdogo wake mezani: wanaume visanduku, wanawake viduara. Yule ambaye mishipa myembamba ya ubongo ilimharibikia akiwa bado na nguvu zake, alipakwa penseli nyeusi. Babu alikuwa mweusi. Mashangazi wawili, weusi. Ikafika zamu ya baba yao, Arnulfo.

"Huyo muache mweupe," alisema Nidia, akigeuza arepa, mkate wa mahindi, jikoni, kichwa kimekazwa kitambaa. Siku ya tatu hiyo kinamgonga. "Huyo kaliwa na pombe, nesi. Mji mzima ulimwona akipepesuka."

"Basi ugonjwa haukupitia kwake. Nyinyi hamna haja ya kutolewa damu." Nesi akaanza kufunga begi.

Yolima, mdogo mtu, akaweka mkono juu ya begi.

Miaka minane nyuma, sikukuu ya Bikira wa Karmeli, msimamizi wa madereva, wao wenyewe walibeba sanamu yake mabegani, baba yao mbele. Mguu ukamgomea, sanamu ikayumba, watu wakapiga yowe. Yolima ndiye aliyemdaka. Pumzi ya baba ilinukia kahawa na sukari guru, basi.

"Kanywa huyu?" aliuliza mama wa mchumba wa Nidia, macho yamemtoka.

Harusi ilibakiza wiki mbili. Mlevi husamehewa, ukoo wenye miguu ya kufa hauposwi.

"Kanywa," Yolima alijibu.

Baba alimtazama, asikanushe. Wenzake wakamnyang'anya funguo za gari lake, na mpaka anazikwa watoto walimwita Chupa Tupu.

"Nesi, usifunge," Yolima alisema. "Hakunywa. Hata tone. Mimi ndiye nilimshika, mimi ndiye nilisema uongo."

"Unasema nini wewe?" Nidia aligeuka.

"Harusi yako, dada. Niliogopa watakuacha."

Nje, wana wawili wa Nidia walikuwa wakigombania kuku. Nidia aliwatazama dirishani, damu ya babu yao. Arepa ilianza kuungua, hakuna aliyeitoa.

"Miaka yote hii napita kaburini kwake nimegeuza uso," alisema. "Hata ua moja sijampelekea."

Alimpokonya nesi penseli, akakipaka mwenyewe kisanduku cha baba, akakandamiza mpaka karatasi ikachanika. Kisha akakaa, akakunja mkono wa blauzi.

"Anza na mimi."

Yolima akasogea amshike bega.

"Wewe toa arepa motoni," Nidia alisema, bila kumtazama. "Usiniguse."