Glavu za Fundi wa Wanasesere

Mwenye mtoto na asikilize, na anayefanyia kazi nyumbani asikilize mara mbili. Haya hayakutokea kiwandani wala machimboni. Yalitokea sebuleni, kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, na yakamkuta mama aliyejiona mwangalifu kuliko mtaa mzima.

Mama huyo alikuwa fundi wa wanasesere. Si hawa wa kuchezewa na kutupwa, la. Ni wale wa kale, wanaowekwa kwenye makabati ya vioo na watu wazima wenye ndevu zao. Waliletwa kwake ndani ya maboksi ya viatu, wamezungushiwa pamba kama wagonjwa: huyu ananyonyoka nywele, yule kapasuka shavu, mwingine jicho limedumbukia ndani ya kichwa, ukimtikisa linalia kocho-kocho. Naye aliwaosha, akawapiga msasa, akawapaka rangi, akawabandika nywele mstari kwa mstari kwa gundi ya mpira, mpaka mwenyewe akija kumchukua wake anasema, "Huyu siye niliyemleta."

Alikuwa na binti mmoja wa miaka saba, waliyemwita Kijino kwa ajili ya jino la mbele lililochelewa kuota. Kijino alizaliwa njiti, wa kubebwa kwenye kiganja, na tangu siku ile mama yake hakupata usingizi wa kushiba. Mtoto akikohoa chumba cha pili, mama yuko mlangoni. Hakuogopa umaskini wala wachawi. Aliogopa pumzi za yule mtoto kukatika.

Aliishi nao bibi, mama mzaa baba, kwa kuwa baba mwenyewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuja leo na kuondoka kesho. Bibi ndiye aliyepika, ndiye aliyemwogesha Kijino, ndiye aliyechekesha nyumba.

"Nyumba hii ina watoto ishirini," alikuwa akisema akitazama yale maboksi, "na anayekula ni mmoja tu. Raha iliyoje!"

Sasa, mezani pale palikuwa na sheria moja: hakuna kugusa mwanasesere kwa mkono mtupu. Jasho humtia madoa, na rangi ni sumu. Kwa hiyo fundi alivaa glavu za mpira, zile nyembamba zenye unga ndani, na Kijino alipoanza kumshikia vichwa wakati wa kubandika nywele, akamvalisha na yeye. Zilimpwaya, basi akazikaza kwenye vifundo vya mikono kwa mipira ya kufungia. Jirani alipochungulia akamsifu: "Mama Kijino, wewe kweli unajua kulea. Wangu mimi wanashika hata betri zilizovuja." Fundi akatabasamu. Sifa ile ilimkaa moyoni kama asali.

Mikono ya Kijino ilianza kuwasha. Vikatokea vipele vidogo, vikaja, vikaondoka. Fundi alibadili sabuni. Vikarudi. Alibadili mafuta ya kupaka. Vikarudi na ndugu zao.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Kijino alichukua glavu, akaipuliza mpaka ikafura, akaifunga fundo, akaichora macho kwa kalamu. Vidole vikawa kishungi cha jogoo. Akakimbia nayo jikoni kwa bibi yake.

"Bibi, nunua jogoo!"

"Jogoo gani huyu, hana miguu? Atanitorokaje nikitaka kumchinja?" Bibi akacheka, akamtilia karanga za kukaanga kiganjani. "Haya, mlishe jogoo wako, na wewe ule."

Haikupita nusu saa midomo ya Kijino ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Macho yakawa mistari miwili. Fundi alimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, ganda la karanga limemganda shavuni, na ule mfuko wa karanga wazi mbele yake.

"Umempa nini?"

"Karanga tu, mwanangu. Za siku zote."

"Za siku zote! Kwa hiyo siku zote ndizo zinazomtoa vipele! Mimi nahangaika na sabuni, kumbe aliyemdhuru mwanangu ninakaa naye jikoni!"

Bibi alisimama na mwiko mkononi. "Nimelea sita. Hakuna aliyedhurika mkononi mwangu."

"Hao sita walikuwa wako. Huyu ni wangu." Halafu akamgeukia mtoto, na hili ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote: akamshika mabega, akamwambia mbele ya bibi yake, "Sikiliza. Usile tena chochote kutoka kwa bibi. Chochote. Hata akikupa maji. Bibi atakuua."

Uvimbe ulishuka kabla ya jioni. Neno halikushuka. Bibi alikunja kanga zake mbili na shuka lake, akaenda kukaa kwa binti yake, mtaa wa pili. Alipofika mlangoni akitoka, alisema tu, "Ulimi hauna mfupa, mke wa mwanangu, lakini unavunja." Fundi alimpa mgongo. Alikuwa anamwaga karanga.

Basi karanga zikatoka nyumbani. Mayai yakatoka. Maziwa yakatoka. Na vipele vikabaki. Fundi akafikiri tena, akasema: basi ni rangi. Akanunua glavu boksi zima, akamvalisha Kijino mbilimbili, asubuhi mpaka mchana, hata asiposhika kitu, ili vumbi la rangi lisimfikie. Mwenyewe akimaliza kazi alizivua zake kwa kuzivuta, pah! unga wake ukapaa hewani, na mtoto amekaa pale pale akiuvuta. Kikaanza kikohozi. Kikohozi kikazaa mluzi kifuani. Mama akizidi kumkinga, mtoto alizidi kuugua, na kadiri alivyougua ndivyo mama alivyokaza ile mipira ya mikononi.

Asubuhi ya Jumatatu moja, miezi miwili baada ya bibi kuondoka, mluzi ulikuwa mkubwa, na kucha za Kijino zilianza kugeuka rangi. Fundi alimbeba mgongoni, yeye na miaka yake saba, akakimbia naye hadi zahanati bila viatu.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpulizia dawa kwa mashine mpaka pumzi zikatulia kidogo, kisha akavaa glavu, akampapasa shingo na kifua. Alikuwa akiuliza huku anapapasa.

"Alikula nini?"

"Karanga, dada. Ni karanga zinazomdhuru."

"Lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Mama, karanga za miezi miwili zimesafiri kwa miguu?" Halafu mkono wake ukasimama. Alikuwa anatazama shingo ya mtoto. Pale vidole vyake vilipopita palikuwa pameinuka mabaka mekundu, manne upande huu na moja upande ule, mkono mzima umejichora. Akavua zile glavu haraka, akazitupa, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaita sindano, akavaa nyingine za plastiki.

Hali ilipotulia akakaa kitandani, akaishika mikono ya Kijino, akaigeuza. Palikuwa na pete nyekundu kuzunguka vifundo.

"Hapa hufungwa nini?"

Fundi akaeleza. Glavu, mipira, gundi. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kwenda chini, maana alikuwa anajisikia mwenyewe.

"Mama, mwanao ana mzio wa mpira. Mwili wake unaukataa. Glavu, gundi, maputo, hata hao wanasesere kama wamefinyangwa kwa mpira. Kila ukiendelea kumgusisha, mwili unazidi kukasirika. Asishike tena, na kwenye ule unga asikae kabisa."

"Na karanga?"

"Tutampima kwa daktari kabla hajala tena. Lakini siku ile ya midomo, hakugusa mpira?"

Fundi akakumbuka. Jogoo lile lenye macho ya kalamu lilikuwa limepasuka chini ya kigoda siku ile, naye mwenyewe aliliokota na kulitupa pamoja na karanga.

Daktari alimpima. Karanga hazikuwa na kosa. Fundi alihamishia meza yake chumba cha uani kwa jirani, akarudisha wanasesere wote waliofinyangwa kwa mpira, akawa akioga na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto. Mluzi ukaisha. Jumapili moja akamvalisha Kijino gauni safi, wakaenda mtaa wa pili.

Bibi aliwapokea kibarazani. Fundi alipiga magoti, akasema yote, glavu na unga na jogoo, bila kujitetea.

"Inuka, utachafua gauni," bibi akasema. "Niliudhika, sikatai. Nimeishi huku nikijiuliza, labda kweli ni mimi? Labda uzee umenitia sumu mikononi?" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka kidogo. "Kumbe mwizi alikuwa amevaa sare ya askari. Yameisha, mwanangu. Naye huyu kakua! Njoo, mke mwenzangu, umetembea juani."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa.

Kijino alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na bibi huyo huyo. Hakunywa. Alikitazama kikombe, akamtazama bibi, kisha akamgeukia mama yake na kumnong'oneza, lakini mnong'ono wa mtoto ni tangazo:

"Mama, nikinywa nitakufa?"

"Hapana, mwanangu. Kunywa. Mama alikosea."

Akatikisa kichwa. Machozi yalimlenga. Fundi alikichukua kikombe, akanywa nusu mbele yake, akamrudishia. "Unaona?"

"Wewe ni mkubwa," Kijino akasema, akakiweka chini polepole, asimwage hata tone.

Bibi alikaa akakitazama. "Mwache," alisema mwishowe. "Usimlazimishe. Mje tena Jumapili ijayo."

Wakaja. Na iliyofuata wakaja. Kikombe kiliwekwa pale kila mara, na kila mara kilirudi ndani kikiwa kimejaa.