Mchele Ndani ya Fidla

Vumbi la Voi halina adabu. Halibishi hodi. Linaingia chini ya mlango, linaingia sufuriani, linaingia mpaka kwenye shimizi ya mtu, na ukilifuta asubuhi, adhuhuri limerudi na ndugu zake. Tangu tulipokuzika, Baba Ndila, nimeliacha likae. Jekundu juu ya meza, jekundu juu ya redio, jekundu kitandani upande wako. Nalitazama tu. Nilikuwa mkavu.

Walikuja watu wa kanisa, nikawapikia chai. Alikuja dada yako Katuku, akajigaragaza sebuleni, nikamshikia kitambaa. Baadaye nikamsikia akimwambia mwenzake, "Mumbe ana moyo wa jiwe." Jikoni kwangu, huku akikoroga sukari yangu! Sikukasirika. Ningekasirika, ningeshukuru. Nilikuwa mkavu kama Mto Voi wakati wa kiangazi, mchanga mtupu, hata punda hasimami.

Kitu kimoja tu kilisema ndani ya nyumba ile, nacho ni fidla ya mwisho uliyoiunda. Kifua chake cha saipresi ya milimani, shingo yake uliyoipiga msasa jioni nyingi huku ukinikatalia chakula. "Ngoja kidogo, mama, ngoja kidogo." Ugali wangu ukapoa, mume wangu, ugali wangu ukapoa kila siku.

Siku ya mazishi mamako Syombua aliitoa ukutani, akalegeza nyuzi zote. Kwenu mtu akilala, mbuzi wake hufunguliwa kamba na jembe lake hutolewa mpini. Kila alichokikaza hulegezwa, naye apumzike. Mzee wa watu alifanya kwa mapenzi. Lakini uzi wa mwisho ulipolegea, kitu kilianguka mle ndani. Ko.

Toka siku hiyo nikifagia, koro. Nikiihamisha, koro. Lori likipita barabarani, koro, koro. Nilijua imevunjika, na sikutaka kuishi na maiti wa pili. Nikaifunga ndani ya leso, nikapanda nayo Bura, milimani.

Zephaniah, mwanafunzi wako, ana nyumba ya mawe kule, karibu na misheni, nyumba nzima ya fidla. Ameifanya makumbusho. Aliniambia kando ya kaburi, "Mama Ndila, ukichoka nayo, niletee." Nami nilikuwa nimechoka. Ila njia nzima niliogopa jambo moja: nikiiacha kule bila chozi, basi Katuku alisema kweli, na mimi na wewe tumekwisha.

Bura kuna ukungu. Bura kuna kabichi na baridi ya kushika magoti. Gertrude, anayetunza nyumba ile, alinipokea kwa mikono miwili, akanitembeza. Fidla ukutani, fidla makabatini, nyingine hazijafunikwa kifua, ziko wazi mbavu nje. Bomba la moto la kupindia mbao. Sufuria ya gundi. Na juu ya kitambaa cheupe, randa yako ndogo ya shaba, ile isiyozidi kidole gumba.

"Hii ilikuwa ya marehemu fundi Mulinge," Gertrude akasema taratibu.

Niliona pale kidole chako kilipoila ile shaba ikang'aa. Nikangoja chozi. Wee Mumbe, nikajisemesha, hata hii? Hata hii.

Zephaniah alifungua leso, akaitikisa fidla, akatabasamu.

"Haijavunjika, Mama Ndila. Kijiti chake kimelala tu."

Akanieleza. Ndani ya fidla husimama kijiti, kati ya kifua na mgongo. Hakina gundi, hakina msumari. Kinasimama kwa kubanwa tu, nyuzi zikikazwa juu yake. Zikilegea zote, kinaanguka.

"Nani alizilegeza?"

"Mama yake."

"Aa." Akainamisha kichwa. "Alitaka apumzike."

Kabla hajakisimamisha, akachota mchele mbichi, akaumimina ndani kupitia matundu ya kifuani, akaitikisa polepole kama anayembembeleza mtoto. Akasema, "Fundi alinifunza hivi. Mchele huokota vumbi pale mkono haufiki." Halafu akaigeuza juu ya gazeti. Mchele uliingia mweupe, ukatoka mwekundu. Ndani yake mlikuwa na vinyuzi vya mbao, vyembamba, vimejikunja, vilivyodondoka patasini mwako.

Akaingiza waya uliopinda, akakiinua kijiti. Akakaza nyuzi, moja moja. Akavuta upinde.

Sauti ilitoka nene, ikazunguka chumba, ikagusa kila fidla ukutani. Gertrude alijifuta macho. Zephaniah alinitazama, akingoja. Nami nikangoja pamoja naye, jamani, nilingoja kwa moyo wote. Hakuna kitu. Nikaitikisa fidla kwa mkono wangu, na haikusema koro tena.

"Iwekeni kabatini," nikasema. Nilikuwa mkavu.

Gertrude akalikunja lile gazeti, akaelekea mlangoni. "Mchele huu nitawapa kuku," akasema, kama mtu yeyote wa nyumbani anavyosema.

"Usiwape kuku!"

Sikuijua sauti ile. Ilinitoka tumboni.

"Weka chini! Gertrude, weka chini, huyo ni mume wangu!"

Akasimama. Zephaniah akasimama. Mimi nilikuwa tayari nimepiga magoti sakafuni, nimempokonya gazeti, nakusanya punje zilizomwagika, naokota kila kinyuzi cha mbao, na ugali wote uliopoa ulinirudi kooni. Nililia, Baba Ndila. Nililia vibaya, na kamasi, bila kitambaa, na hakuna aliyeninyamazisha.

Fidla nimeiacha Bura, kijiti chake kimesimama. Mchele niliufunga kwenye pembe ya leso. Lakini kabla sijaufunga nilikuwa nimeufumbata kiganjani muda mrefu, machozi yakidondokea humo, na nilipofungua mkono lile vumbi la Voi halikuwa vumbi tena. Lilikuwa udongo, mwekundu, umenishika vidole.