Benchi la Ofisi ya Simu

Siku ofisi ya simu ya Bomani ilipouza samani zake, Ghati hakuangalia meza wala kabati. Alinunua benchi la mbao, akalipeleka Nkende mbele ya kibanda chake cha kupigisha simu, akasubiri. Alijua Hezekia atakuja tu.

Enzi zile simu ilikuwa ya serikali peke yake, na kwa watu wa Tarime serikali hiyo ilikuwa Hezekia. Yeye ndiye aliyekuunganisha na Mwanza, au akakuacha ukauke. Baba yake Ghati alipofariki, Ghati alifika mapema ampigie kaka yake Waitara aliyekuwa Mwanza, mzaliwa wa kwanza, aje atupe udongo wa kwanza kaburini.

"Keti. Mbele yako kuna watu," Hezekia alimwambia bila kuinua macho.

Kwenye benchi hakukuwa na mtu mwingine. Watu wenyewe walikuwa wanunuzi wa dhahabu kutoka Nyakunguru, wakiingilia mlango wa nyuma, mifuko imetuna. Jioni ofisi ikafungwa. Kesho yake mzee akazikwa, binamu akatupa udongo ule, na Waitara akaamini kwamba dada yake alimficha msiba ili ajitwalie ng'ombe. Tangu hapo, kila aliposikia sauti ya dada yake tu, alikata simu.

Kisha sheria ikabadilika. Kampuni binafsi zikaruhusiwa, mnara ukasimikwa kilimani, wanunuzi wa dhahabu wakaanza kutembea na simu kiunoni. Wasio nazo walimtegemea Ghati, maana kibanda kilikuwa hicho kimoja. Hezekia akapunguzwa kazi. Siku hiyo Ghati alicheka hadi mbavu zikamuuma, wala hakuona haya.

Na kweli Hezekia alikuja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee Hezekia."

"Marahaba, mama. Baba yangu amefariki. Kaka yangu mkubwa yuko Shinyanga na tunazika kesho. Naomba simu."

"Pole sana," Ghati alisema, moyo ukimruka kwa furaha mbaya. "Ila kwanza ya kwangu." Akabonyeza namba, akampa. "Huyo ni Waitara. Mweleze kwa nini hakumzika baba yetu."

Waliokuwa wakinunua sabuni duka la jirani wakageuka. Hezekia akaeleza: "Dada yako alikuja mapema, laini ilikuwepo, mimi nilimnyima." Waitara akamtaka arudie, naye akarudia. Mwishowe akarudisha simu.

"Anakutaka wewe."

"Dada," Waitara alisema, kisha akalia kama baba yao kafa leo. Ghati naye alilia, mgongo kawapa watu.

Walipomaliza, Hezekia alinyoosha mkono. "Sasa na mimi, mama."

Ghati alifuta macho, akaifunga simu kwenye pindo la kanga.

"Keti," alisema. "Mbele yako kuna watu."

Hezekia aliliangalia benchi lote, tupu. Akaketi.