Sarjenti Alitaka Jina Moja

Watu wa Quionga wanasema mdogo wangu kamuuza mama. Wanasema kisimani, wanasema nje ya msikiti, wanasema dukani wakipimiwa mafuta, na mimi nikitokea wananyamaza wote kama kuku waliofunikwa tenga. Basi nasema mwenyewe, maana mama ni wangu na ulimi wangu haujafa. Asiyetaka kusikia aende zake.

Mdogo wangu ni Abdulcarimo. Tulizaliwa wawili tu. Baba alikufa kabla ya vita, kwa homa, kitandani mwake, kama watu walivyokuwa wakifa zamani. Mama akatulea kwa nazi na muhogo. Abdulcarimo alikuwa mtu wa kusoma, kafika darasa la kumi, Kireno kinamteleza mdomoni. Kimwani na Kimakonde alivijua tangu utotoni, na mwaka ule waasi, wale tunaowaita mashababi, walipoichoma moto Palma, tulipokimbilia ng'ambo ya Rovuma, akarudi na Kiswahili cha Mtwara juu yake. Nilikuwa nikimtania, "Wewe una ndimi nne na huna hata suruali mbili." Anacheka mpaka anashika mbavu. Alikuwa mchekaji sana, mdogo wangu.

Kazi hakuna. Alikwenda Afungi, pale penye uzio wa kampuni ya gesi, kuomba hata kuosha masufuria, wakamwambia subiri utapigiwa simu. Tukasubiri hiyo simu mpaka simu yenyewe ikaharibika. Akafikia umri wa kuandikishwa jeshini, akasema bora aende mwenyewe kuliko kufuatwa nyumbani. Siku aliyosema hivyo mama alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka akafika kwenye kifuu, na tui la siku ile lilikuwa na vumbi la kifuu, tukalila hivyo hivyo.

Akaenda kambini Palma. Akarudi jioni, akakaa kizingitini, chakula hataki.

"Wamenipa nichague," akasema. "Infantaria au inteligência."

Mama akauliza ndiyo nini hivyo. Akamweleza. Infantaria ni askari wa bunduki, wa kwenda kwa miguu, wanapelekwa Macomia, msituni wanakojificha mashababi. Inteligência ni watu wa habari. Hawavai sare. Wanakaa na watu, wanasikiliza, wanafasiri mtu akihojiwa, wanampelekea mkubwa wao walichosikia. Anayeandikisha ni Sarjenti Custódio, mtu wa kusini, na alipomsikia Abdulcarimo anavyohama lugha hadi lugha akasema kijana kama huyu kumpa bunduki ni kumtupa.

"Hiyo hiyo!" mama akasema. "Hiyo ya kusikiliza. Chukua hiyo, mwanangu, tena kesho asubuhi."

Msimshangae mama. Jirani yetu ni Luzia, Mmakonde aliyeshuka kutoka Mueda na watoto wake kutafuta maisha pwani. Mwanawe mkubwa, Délcio, alichukua bunduki. Hakurudi. Aliyerudi ni afisa mmoja na kofia mkononi, akasimama uani kwa Luzia, akasema Kireno kirefu, akaondoka. Hata mwili hawakuuleta. Luzia alilala chini mchangani, na mama yangu ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko, mtu mzima yule. Tangu hapo mama akisikia mlio wowote barabarani anashika kifua.

"Kuna sharti," Abdulcarimo akasema. Alikuwa anatazama miguu yake. "Anayetaka inteligência lazima apeleke jina moja. Jina la mtu wa hapa kwetu aliyewalisha mashababi. Sarjenti anataka kuona kama nina masikio."

Jamani, mama alicheka. Wallahi alicheka, mimi nilimwona kwa macho yangu. "Jina moja? Si atuchukue wote na mbuzi wetu!"

Asiyetoka huku hatakielewa kicheko kile. Kwetu mtu akipiga hodi na njaa usoni, humuulizi jina. Humuulizi anatoka wapi wala anakwenda wapi. Unamkaribisha, unampa maji ya kunawa, unampa kilichomo chunguni. Akishashiba ndipo unamuuliza habari za safari. Kumhoji mtu hajatia kitu tumboni ni aibu, na mtoto akifanya hivyo anachapwa. Sasa mwaka ule wa moto, kabla hatujakimbia, njia zote zilijaa watu wenye njaa. Wengine wanakimbia, wengine ndio wanaokimbiwa. Wote walipiga hodi, wote walitoa salamu. Tukawalisha. Imamu aliwalisha, Luzia msalaba shingoni aliwalisha. Mama aliwalisha vijana wawili, wali na kisamvu cha nazi, mmoja ana kidonda shingoni kinatoa usaha, anakula huku anatetemeka. Walipoinuka kuondoka ndipo tukaona bunduki zilizofungwa ndani ya mkeka wao. Yule wa kidonda akasema "ahsante mama," wakapotelea minazini, na mama akabaki amesimama na sahani zao mkononi.

Kwa hiyo jina si la kutafuta. Majina yalikuwa yamejaa kila nyumba.

"Infantaria," nikasema mimi. "Kachukue bunduki yako, kama ni kufa ukafe na heshima yako."

Mama akanigeukia. "Wahida! Unamtakia kifo mdogo wako?"

"Namtakia asiwe mbwa wa kunusa milango ya watu!" Hasira zilikuwa zimenipanda kichwani. "Leo jina moja, kesho watataka jingine. Atamtaja nani? Imamu aliyemsomesha juzuu? Luzia, ambaye keshatoa mtoto? Na akishamtaja atapita njia gani kwenda kisimani?"

"Akiwa hai atapata njia ya kupita."

"Na huyo atakayetajwa? Yeye hana watoto?"

"Mimi sikumzaa huyo!" mama akasema. "Nimemzaa huyu. Huyu hapa. Mnataka nilale mchangani kama Luzia?"

Tulipigiana kelele mpaka majirani wakafunga madirisha. Abdulcarimo yuko katikati yetu, kama vile tunamgombania mtu mwingine. Mwisho akasema taratibu, "Basi, inatosha. Sina jina la kumpa. Nikirudi kambini nitasema infantaria." Akaingia ndani akalala. Mimi ndiye niliyekuwa nataka aseme hivyo, na aliposema nikatamani ayarudishe maneno yake. Mama akachukua ufagio. Alifagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Siku yenyewe ya kurudi kambini ilipofika mama alioga mapema, akavaa kapulana yake mpya, ile ya Idi, na kilemba chake. Nikamuuliza safari ya wapi.

"Palma, kumwona mtu."

"Si usubiri uende na Abdulcarimo? Naye anakwenda huko huko."

"Yeye mvivu wa kuamka. Mimi napanda gari ya kwanza." Akaniambia nisisahau kuanua muhogo mvua ikitanda. Halafu akaenda kusimama mlangoni kwa Abdulcarimo, ambaye alikuwa bado amelala na mguu mmoja nje ya shuka. Akamfunika ule mguu. Akatoka, akamsalimia Luzia juu ya ua, nikasikia wanacheka jambo.

Abdulcarimo naye akaamka, akanywa chai, akanipa mkono kama mkubwa. Nikamwambia ajikaze. Nilikuwa nimemkaangia mihogo ya njiani akaisahau mezani.

Alasiri habari zikatangulia gari. Muuza samaki mmoja alishuka kutoka Palma na beseni lake, hata kulitua hakulitua. "Wahida, mama yako katiwa kwenye gari la jeshi. Kasemewa kuwa aliwalisha mashababi. Na mdogo wako yumo humo humo ndani, anasema nao Kireno. Looh, mtoto kumtoa mamaye!"

Nikamwambia akafie mbele na samaki wake. Nikamfukuza kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Halafu nikakaa chini pale pale uani, na kichwani nasema si kweli, si kweli, na nikikumbuka ile kapulana ya Idi najua kuna kweli ndani yake.

Abdulcarimo akaja jua likiwa bado lina nguvu. Watu walikuwa wamesimama milangoni kwao. Hakuna aliyemwitikia salamu. Luzia alimtazama tu, akaingia ndani. Nikamshika shati nikamvuta chumbani.

"Mama yuko wapi?"

"Sijui. Wamemchukua. Sikuambiwa wapi."

"Umesema nini wewe? Umewaambia nini?"

Akakaa chini, mgongo ukutani, akanieleza. Alipofika kambini alimkuta mama ameketi mbele ya Sarjenti Custódio, kapewa kiti, kapewa na maji. Wanatazamana tu. Mama Kireno hajui hata cha kuombea chumvi, anajigonga kifua na kutaja jina lake, anajigonga tena. Sarjenti alipomwona Abdulcarimo akafurahi, njoo ufasiri, mwanamke huyu ana jambo.

"Nikamwambia, huyu ni mama yangu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema keti, kama kazi hii utaiweza tutajua leo."

Mama akasema hivi: mwanangu aliona haya kunitaja, nimekuja kumtajia mwenyewe. Jina alilotumwa ndilo hili.

"Nilitaka kuyapindisha maneno," Abdulcarimo akasema. "Nilikuwa nimekwisha yapanga, kwamba mama kaja kuniombea tu, ni mgonjwa, anapayuka. Lakini nilipoketi tu, sarjenti alimwita mtu wao mmoja wa Mocímboa akae mlangoni, na Kimwani chetu anakijua. Namjua. Kila tunachosema anakisikia. Alikuwa ananitazama mdomo."

Basi akafasiri. Na sarjenti, kwa haki ya Mungu, akauliza swali zuri. Akauliza kama walimlazimisha. Kama walimshikia bunduki. Maana aliyelazimishwa hana kosa, wangemrudisha na gari ya jioni. Abdulcarimo akamgeukia mama, akamuuliza, na anasema alimuuliza kwa sauti ile aliyokuwa akiombea sukari utotoni, macho yanamsihi: mama, walikulazimisha, sivyo?

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwambie hapana. Mwambie niliwajua ni kina nani tangu mlangoni, na nilipika kwa kupenda kwangu.'"

"Mwongo!" Nilipiga ukelele. "Mwongo mkubwa! Tuliuona mkeka walipokwisha kula! Mimi nilikuwepo!"

"Najua. Na yeye anajua." Alikuwa analia sasa, hajifuti. "Aliyelazimishwa si jina, dada. Angesema kalazimishwa, sarjenti angebaki anadai jina lake, na mimi ningepewa bunduki. Mama aliyafikiria yote. Alikuja nayo kutoka hapa."

"Na wewe ukasemaje kwa Kireno?"

"Nikasema kama alivyosema."

Nilimzaba kofi. Nikamzaba la pili, na hakujikinga, akaniachia uso wake kama ananikopesha. Nikashindwa la tatu. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia angekaa kimya, angejifanya hajui, angetoka mbio, angenitaja mimi badala yake. Kila nililosema alitikisa kichwa akasema ndiyo, dada. Nje nilisikia watu wanapita na kupunguza mwendo dirishani kwetu, wanataka kusikia anavyojitetea. Hakuna aliyepiga hodi.

"Naanza kazi Jumatatu," akasema. "Nitakaa hapa Quionga. Hawatanivisha sare."

Nilitaka nimchukie, na nilimwona ni yule yule aliyelala asubuhi mguu nje ya shuka. Nikamuuliza kama mama aliniachia neno. Akasema hakuacha. Nikamuuliza kama basi yeye aliagwa.

"Walipomwinua alinigeukia. Akaniambia, 'Ahsante, baba. Umesema vizuri.'" "Sarjenti akauliza kasema nini. Nikamfasiria na hilo."