Fundi Namba Kumi na Saba

Asubuhi ya Jumatatu moja ya Februari, joto likiwa limeshawatoa watu jasho kabla ya chai, Husna alikuwa kibarazani kwake Kariakoo, upande wa Gerezani, akichomoa sili iliyochoka, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, kwenye shokapu ya gari aina ya Noah. Mteja akafika na shokapu mbili za Bajaji begani, akauliza kama Twaha yupo.

"Twaha amefariki," Husna alisema. "Mwaka wa nne huu."

"Dah, pole sana dada. Anarudi saa ngapi?"

"Harudi."

"Basi naziacha. Mwambie ya kushoto inagonga."

Husna akazipokea na kuziweka na nyingine.

Jambo hili lilikuwa na asili yake. Twaha, mumewe, enzi za uhai wake alikuwa mtu wa mezani. Alikuwa na sauti nzuri na ovaroli iliyopigwa pasi. Alibonyeza shokapu ya mteja kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema njoo alasiri, kisha akaipitisha chini ya pazia lililokuwa nyuma yake. Nyuma ya pazia alikaa Husna, aliyefundishwa kazi na baba yake, naye ndiye aliyefungua, akaosha, akabadili sili, akajaza oili na gesi, akafunga. Twaha mwenyewe hakujua sili inaingizwa kwa upande gani, na wala hakuona aibu kwa hilo.

Alipofariki, Husna alikaa eda miezi minne na siku kumi, nyuma ya pazia lile lile. Wateja hawakuacha kuja. Walisukuma shokapu chini ya pazia asubuhi, na alasiri zikatoka zimepona. Watu wa Kariakoo hawana muda wa kuchunguza kitu kinachofanya kazi. Wakakubaliana kwamba Twaha amekufa ila kazi anaendelea nayo, na wengi walimsifu, maana walikuwa wanawajua mafundi wazima wa afya ambao hawamalizi kazi ya mtu. Eda ikaisha, Husna akatoka, akafunga pazia pembeni, akakaa mezani mwenyewe mbele ya macho ya mtaa mzima. Haikusaidia kitu.

Sasa vibaraza vyote vya mtaa ule vilikuwa vimewekwa alama ya kubomolewa, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mafundi walikuwa wamejengewa banda huko Buguruni, na fremu, chumba cha kufanyia kazi bandani, alipewa yule tu ambaye jina lake limo kwenye daftari la chama cha mafundi. Kwa hiyo Jumatatu hiyo hiyo mchana Husna alikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Rajabu, aliyekuwa akinywa kahawa dukani kwake.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Twaha hajambo?"

"Amefariki, mwenyekiti. Wewe ndiye uliyesoma dua."

"Nilisoma, na nililia sana." Alifungua daftari na kuweka kidole. "Huyu hapa. Namba kumi na saba."

"Nataka liandikwe jina langu."

Mzee Rajabu alimtazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linachosha. "Daftari hili ni la mafundi, mwanangu."

"Mimi ni fundi."

"Haya. Alhamisi nitakuja na kamati tuione kazi. Kazi nzito lakini, si mambo ya Bajaji. Tukiridhika, Ijumaa jina linasomwa na fremu inatolewa."

Husna alirudi akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku nyingi. Pa kwenda pengine hakuwa napo. Bila fremu ile, vifaa vyake vyote vingekuwa vyuma chakavu uvunguni mwa kitanda, naye angekuwa mjane anayejua jambo moja tu, asiye na mahali pa kulifanyia.

Kazi nzito ililetwa Jumanne, juu ya mkokoteni, na Godbless, muuza vipuri vya mitumba. Alikuwa ameagiza kontena la injini kutoka Kanada, na nyuma ya injini akakuta pikipiki ya theluji: haina magurudumu, mbele ina mbao mbili za kuteleza, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wa kupandia milima.

"Shikamoo hapewi mtu wa rika langu, kwa hiyo mambo, shemeji," alisema Godbless, ambaye hata akifiwa huongea hivyo. "Nina mteja mwenye hoteli. Anaiweka mapokezi, wageni wapige picha. Ila amesema lazima inese. Na shokapu zote nne zimekufa."

"Haitaendeshwa popote?"

"Iende wapi? Kwetu Moshi theluji iko juu kileleni, na mimi mwenyewe sijawahi kuigusa."

Husna alizifungua zote. Zilikuwa nzuri mno. Mtu wa kwanza kuimiliki pikipiki ile alikuwa ametupa shokapu za kiwandani akafunga za gharama, kila moja na kichupa chake cha gesi pembeni na kinobu cha kupunguza au kuongeza ugumu, kinacholia kila ukikizungusha. Baada ya hapo hakuzigusa tena mpaka alipoiuza. Oili ilikuwa nyeusi. Sili zilikuwa zimekauka zikapasuka. Ndani, visahani vyembamba vinavyopitisha oili vilikuwa vimepinda, na kwa hilo Husna alimkasirikia mtu ambaye hatamwona maisha yake yote. Shokapu ya bei ile unaifungua kila mwaka. Huifungi ukaisahau.

Alinunua sili mpya, akachonga visahani vingine kwa mkono, akavipanga upya. Jumatano asubuhi alifunga ya kwanza kwa uzito wa mgeni anayekaa kupiga picha. Ilinesa, lakini kiganja chake kilikataa: ilikuwa inarudi haraka, imekosa subira. Akaifungua tena. Safari hii akaipanga kama inavyotaka yenyewe, kwa mlima na kwa kutua kutoka juu, akatoa hewa taratibu mpaka mapovu yakaisha. Alipoibonyeza ikashuka polepole na kurudi polepole, na theluji ikaanza kudondoka.

Ilidondoka kutoka chini ya bati, mahali pasipo na kitu, juu ya kibaraza chake tu. Husna akaudhika. Maji yakiingia kwenye oili ya shokapu, kazi imeharibika. Akachukua kawa la kufunikia chakula akafunika beseni la oili, akaendelea na ya pili. Kila shokapu iliyokaa sawa iliongeza theluji, na kufikia alasiri ilikuwa imemfika vifundoni.

Chiku, anayeuza juisi ya ukwaju ng'ambo ya barabara, alivuka na ndoo.

"Shoga, hii unaitumia?"

"Chota tu."

"Maana barafu wameipandisha bei hawa watu." Alichota ndoo mbili, akaonja kidogo, akasema ina ladha ya bati lakini si sana. Mfagiaji wa mtaa akapita, akaitazama, akasema hawezi kuizoa kwa sababu kwenye karatasi yake kuna taka ngumu na taka laini tu, na hii inakuwa vyote viwili kabla hajafika dampo.

Alhamisi saa nne kamati ikafika: Mzee Rajabu, Hashimu wa redieta na Elimringi wa kuchomelea. Walikunja suruali wakasimama kwenye theluji. Husna hakutaka pabaki shaka hata chembe. Aliifungua shokapu moja mbele yao tangu mwanzo, akataja kila kitu kabla ya kukigusa, akaonesha kisahani kilichopinda na kilichonyooka, akajaza, akatoa mapovu, akatia gesi, akafunga. Akampa kila mmoja aibonyeze. Hashimu aliibonyeza mara tatu, akafumba macho.

Kisha shokapu zote nne zikafungwa kwenye pikipiki, Godbless akaiwasha, akashika kikombe cha chai kilichojaa, akaiendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Theluji ilimfuata chini ya mkanda, ikajitandaza mbele yake na kuyeyuka nyuma. Alipita juu ya lile shimo linalovunja magari tangu mvua za mwaka juzi. Aliporudi, chai ilikuwa imejaa vile vile, na akainywa.

Mzee Rajabu alitoa leso akafuta macho.

"Twaha," alisema. "Allah amrehemu. Mkono ule haujapata kutokea mjini hapa."

"Mwenyekiti, mmeniona kwa macho yenu," Husna alisema. "Nimefungua mimi. Nimefunga mimi."

"Tumekuona, mwanangu. Umemsaidia vizuri sana."

"Namsaidia vipi mtu aliye kaburini?"

"Ndiyo maana tunakupongeza," alisema Elimringi. "Si kazi ndogo."

Husna alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na baada ya hasira kikaja kitu kibaya zaidi, uchovu. Mzee Rajabu alikuwa ameshaandika. Mbele ya namba kumi na saba aliweka: kazi imeonekana, bora kuliko zote. Akasisitiza kwamba kesho mwenye jina afike mwenyewe na kutia sahihi, kwani utaratibu hauruhusu kusainiana.

Ijumaa baada ya swala mafundi walikusanyika viwanja vya Mnazi Mmoja. Husna alikwenda amevaa baibui jipya na viatu ambavyo bado vilikuwa na unyevu wa theluji. Majina yakasomwa, watu wakapanda jukwaani, wakatia sahihi, wakapewa funguo. Ikafika namba kumi na saba.

"Twaha," aliita Mzee Rajabu.

"Mimi nipo," Husna alisema.

"Twaha," aliita mara ya pili, huku akimwonesha Husna kwa mkono asubiri kidogo. Alitazama watu wote uwanjani, hakuna aliyesogea. Akaita mara ya tatu. Ilionekana wazi kwamba anaumia. Mwishowe akainama, akaandika kwamba hakufika, na fremu namba kumi na saba ikapewa kijana anayeuza makava ya simu, ambaye alikuja mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Mzee Rajabu alisimamisha gari mbele ya kibaraza cha Husna. Alibeba shokapu mbili za mbele, akakanyaga theluji kwa uangalifu wa mtu mzima, akaziweka mezani.

"Zinagonga," alisema. "Nazihitaji alasiri. Na umwambie Twaha sijamkasirikia. Mwakani ajitahidi afike."

Husna aliibonyeza moja. Sili ya juu ilikuwa imekwisha. Alimwambia aziache, na kwamba alasiri zitakuwa tayari, maana alikuwa bado ana siku tano za kuwa na mahali pa kufanyia kazi.