Vidato Tisini na Viwili

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, nilikuwa nikimsikia Baba akigonga ngazi. Alishuka kutoka mlangoni kwetu hadi barabara ya chini ya mtaa wetu wa Darsait, kipande cha nondo mkononi, akigonga kila kidato mara moja. Kilichojibu kwa sauti nzito kilikuwa kizima. Kilicholia kama debe tupu kilikuwa kimeliwa na maji kwa ndani, na jioni yake alikichanganyia saruji. Mimi jikoni nilihesabu bila kutaka. Vilikuwa tisini na viwili.

Asubuhi ile ya mwaka 1999 nondo ilinyamaza kwenye cha thelathini na moja.

Nikazima jiko, nikatoka. Baba alikuwa amesimama akitazama alama nyekundu ya rangi iliyopakwa juu ya kidato. Cha chini yake kilikuwa nayo, na vyote hadi barabarani. Ukutani, mwisho wa ngazi, palibandikwa karatasi: barabara itapanuliwa, jabali litakatwa, ngazi zitavunjwa baada ya siku kumi na nne.

"Wamepaka vizuri," akasema Baba. "Hawakuruka hata kimoja."

Ngazi zile alizijenga yeye. Tulipohamia pale, watu wa nyumba za juu walikuwa wakishuka kwa kushikilia mawe, hadi mama mmoja mjamzito akateleza. Baba alikuwa ameshastaafu jeshini. Wiki ile ile akaanza kuchonga jabali, na kazi ikamchukua miaka sita.

Jeshini alikuwa mtu wa kutegua mabomu ya ardhini. Alikuja huku Uarabuni kutoka Unguja na wazazi wake, Kiarabu chake hakimtoshi kuombea maji, na mwaka uliofuata yuko Dhofar vitani. Huko alifungua njia kwa kuchoma ardhi kwa kijiti cha chuma, shubiri kwa shubiri, siku mbili, hadi akawafikia wenzake kumi na saba waliokwama juu ya jabali bila maji. Walishuka wote nyuma yake, wakikanyaga alipokanyaga. Akapewa nishani. Haya aliniambia marehemu mama. Baba nishani aliitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo vya kanzu, na habari yake ikaishia humo.

Jirani zetu waliitaka itoke. Bi Kidawa, anayeishi nyumba ya juu kabisa, hushuka kila Jumamosi kwenda kliniki kufungwa kidonda cha mguu, kwa sababu ya sukari. Alikuja akaketi, akaniambia mimi ili Baba asikie.

"Mwambie baba'ko Sleyum avae kile kidude chake aende. Kapigana jabalini miaka mitatu, leo karani mwenye kalamu ndo atamshinda?"

Baba akacheka, akamwongezea kahawa, akasema nishani hakupewa ya kutishia watu.

Basi barua nikaiandika mimi niliyesoma chuo. Kurasa tatu za Kiarabu safi. Baba akachukua penseli akakata vita, akakata nishani, akakata wale watu kumi na saba, akakata hata ile miaka sita. Ikabaki mistari minne: watu wanaishi juu, wanashukia hapa, tunaomba ngazi zibaki au zijengwe nyingine, ahsanteni. Nilitamani kulia. Nikamuuliza nani ataisoma barua kama hiyo. Akasema barua fupi ndiyo husomwa.

Haikusomwa. Mara ya kwanza tulipoipeleka idara ya barabara, mkuu mwenyewe hakuwepo ofisini. Mara ya pili ilikosekana mihuri. Mara ya tatu tukaambiwa faili limepandishwa ghorofa nyingine, turudi kesho. Kila mara Baba alimshukuru hata mlinzi wa mlangoni, na mimi ndani ya gari nikauma mtandio wangu. Nina haya tangu utotoni. Chuoni niliwahi kumaliza muhula mzima sijanyoosha mkono, na majibu ninayo. Hasira zangu ziliishia kwenye masufuria.

Mara ya nne niliitoa nishani kwenye kopo, nikaitia mkobani bila kumwambia.

Siku hiyo tulipokelewa na mkuu wa idara, Bwana Musallam. Alisema ramani imeshapitishwa. Watu watazunguka kwa barabara ya nyuma, kilomita moja na nusu, na kutembea ni afya. Baba akasema kuna mama juu ana kidonda mguuni. Bwana Musallam akamwombea shifaa, apone. Baba akaanza kuinuka. Ndipo nikafungua mkoba, nikaiweka nishani mezani.

Baba aliitazama, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyesikia kidato kikilia debe.

Bwana Musallam alisimama, akampa mkono upya, sasa akimwita ammi, kwa heshima ya mzee. Akaita wenzake. Ikaletwa kahawa, ikaletwa halwa. Mjomba wake naye alikuwa Dhofar, akataka kujua jabali gani, mwaka gani. Karibu saa nzima Baba alijibu naam na hapana. Mwisho Bwana Musallam akapiga meza kwa furaha: barabara mpya itaitwa kwa jina la Baba. Litawekwa jiwe lenye maandishi pale pale ngazi zinapoishia, na siku ya ufunguzi Baba atavaa nishani yake. Kazi itaanza Jumamosi kama ilivyopangwa.

Wote wakapiga makofi. Baba akasema ahsante.

Nilijua jambo litaishia hapo, kwenye ahsante. Alinyoosha mkono kuchukua nishani. Nikasema kitu, kwa Kiswahili, nikiiangalia meza. Hakuna aliyesikia ila yeye.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akaniambia. "Mimi nimeshindwa."

Nikasimama. Nikakisema kwa Kiarabu, mpaka waliokuwa mlangoni wakageuka.

"Jina hatulitaki. Baba alifungua njia ili watu washuke. Tunataka Bi Kidawa ashuke Jumamosi."