Bega la Kushoto

Sanamu iliyosimama dirishani mwa duka la fundi ilikuwa na kasoro moja: bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Si sana. Mpita njia asiye na haraka angeliona; mwenye haraka angehisi tu kwamba gauni lile zuri lina jambo linalomkera machoni, kisha angekwenda zake. Sanamu haikuwa na kichwa wala mikono, lakini jina ilikuwa nalo. Mabinti wawili wa fundi waliiita Bi Kimya tangu utotoni, kwa kuwa ndiye pekee nyumbani mwao aliyeweza kumsikiliza mama yao kutwa nzima bila kumjibu.

Siku hizi binti aliyebaki alikuwa mmoja. Mama alimpachika jina la Msemaji akiwa bado na mapengo ya meno ya utoto, maana mgeni akimuuliza mama swali, jibu lilitoka kwa mtoto. Alipofika chuo kikuu akachagua kusomea uhusiano wa umma, mama aliguna. Kumbe, alisema, kuna watu wanaokwenda shule kufundishwa kusema, na huyu wa kwake anaanza masomo akiwa tayari amehitimu.

Kazi ya mwaka wa mwisho ilikuwa hii: kila mwanafunzi achague biashara ndogo, aijengee jina mtandaoni, kisha asimame mbele ya darasa aeleze alichofanya na sababu yake. Wenzake walichagua migahawa na saluni. Msemaji alichagua duka la mama yake. Mama hakukataa, ila alitoa sharti moja, sindano ikiwa imebanwa midomoni na uzi ukining'inia kidevuni.

"Nguo onyesha utakavyo," alisema. "Ya ndani ya nyumba hii yabaki ndani. Usinimwagie mtama kwenye kuku wengi."

Msemaji hakuhitaji kuuliza ni mtama gani. Ulikuwa mmoja tu. Dada yake mkubwa alikuwa ameondoka, akifuata kazi katika mji wa mbali na mwanamume ambaye mama hakumtaka. Siku ya kuondoka mama alimwambia kwamba akiuvuka mlango ule asijihesabu tena kuwa ana mama. Dada aliuvuka. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakulifuta neno lake, na dada alibadilisha namba ya simu. Tangu hapo jina lake halikutajwa dukani, kana kwamba halikuwahi kupewa mtu.

Lakini Bi Kimya alibaki dirishani. Mama aliinunua ile sanamu ikiwa imechakaa na nyembamba kama mti wa kutundikia makoti, akaivisha pamba na mabaki ya vitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikafikia vipimo vya binti yake mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akizivaa nguo za duka na kupita nazo mitaani, na wateja walimfuata nyuma wakiuliza zimeshonwa wapi. Kabla Msemaji hajajifunza darasani maana ya chapa, chapa ya duka lile ilikuwa ikitembea kwa miguu miwili. Na kwa kuwa dada alikuwa na bega la kushoto lililoshuka, mama alilishusha na la sanamu. Gauni, alisema, lizoee mwili wa mtu, lisije likashtuka siku ya kuvaliwa. Bega hilo lilikuwa na historia ambayo ilisimuliwa kwa utani kila sikukuu: dada alimbeba mdogo wake upande mmoja muda mrefu kupita kiasi, kwa sababu mdogo mwenyewe alikataa kutembea na alikuwa mzito kama gunia la mchanga. "Wewe ndiye uliyelishusha," mama alikuwa akimwambia Msemaji. Walicheka wote watatu.

Mhadhiri wao alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, aliyependa kuzunguka darasani akiwa ameshika kalamu isiyoandika. Alirudia jambo moja karibu kila somo. Anayesema na kila mtu, alisema, hasemi na mtu. Wachague mtu mmoja, wajue anapenda nini, anaogopa nini, na huishika simu yake wakati gani; kisha wamwandikie huyo. Wengine watasikia wakipita. Darasa zima likabuni watu wa kuandikiwa. Msemaji naye alibuni wake: mwanamke wa makamo, mfanyakazi, mpenda rangi. Alimwandika vizuri, mhadhiri akamsifu.

Ulikuwa uongo mtupu. Mtu wake hakuwa wa kubuni.

Mwaka mzima alimwandikia dada yake. Alipopiga picha ya kitambaa, alichagua manjano ile iliyoiva, ambayo dada aliipenda hata akasutwa nayo. Aliweka mtandaoni mlio wa cherehani ya zamani, ile yenye tabia ya kukwama kidogo kisha kukimbia, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyepata usingizi kwa mlio ule ila wao wawili. Alionyesha meza ya kukatia nguo upande uliochanjwa kwa wembe, walipokuwa wakifanyia hapo kazi za shule. Wafuasi waliongezeka, wateja wapya wakaja, na mama alianza kuamini kwamba simu si ugonjwa kama alivyodhani. Msemaji alishukuru kwa yote hayo, kisha kila jioni aliyapitia majina ya waliotazama, moja baada ya jingine, akitua kwenye akaunti zisizo na picha na kujiuliza: ni wewe? Hakuna aliyejibu. Alimkumbuka dada yake kila siku, na akajifunza kuficha kwa kuonekana mtu mwenye shughuli nyingi.

Kisha watu wakaanza kuliona bega. Mmoja aliandika kwamba sanamu imelala upande. Mwingine akauliza, kama bega la sanamu limeshonwa hivi, la kwake litakuwaje. Wakacheka wale, wakaongezeka na wengine, kama kawaida ya mtandaoni. Mhadhiri naye, alipoupitia ukurasa, alimweleza kwa haki kabisa kwamba duka linalouza ushonaji ulionyooka haliwezi kujitangaza kwa kitu kilichopinda.

Jumamosi moja mama alipokwenda kununua vifungo, Msemaji alifumua mshono wa bega la Bi Kimya, akashindilia pamba mpaka mabega yakalingana, akashona. Akaivisha gauni la buluu. Likatua sawasawa, kama maji kwenye beseni. Alipiga picha kwa furaha ya mtu aliyetatua tatizo.

Mama alirudi, akaweka kifurushi chini, akaenda moja kwa moja kubana mkono wa gauni kwa pini. Kiganja chake kilipofika begani, kilisimama.

"Nani amemgusa?"

Msemaji alieleza. Alieleza vizuri, maana ndiyo kazi aliyosomea: maoni ya watu, ushauri wa mhadhiri, heshima ya duka. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha alilivua gauni, akachukua mkasi mdogo, akaufumua mshono ule mpya na kuitoa pamba kidogo kidogo. Alilipapasa bega kwa kiganja, akalibonyeza, akalipapasa tena, mpaka alipopapata pale lilipokuwa zamani. Hakugomba. Msemaji angeona afadhali agombezwe.

Siku ile alifahamu jambo ambalo alipaswa kulifahamu mapema zaidi, akiwa ndiye msomi wa kuelewa watu. Alidhani anangoja peke yake. Kumbe mama alikuwa akimpima binti yake kila siku ya Mungu, akimvisha na kumvua, akimfuta vumbi, na hajapata hata siku moja kumtaja.

Wazo likamjia la kulieleza bega hilo mtandaoni, na halikumtoka. Darasani walifundishwa kwamba kabla ya kutoa habari yoyote mtu ajiulize nani ataumia, na kwa uzito gani. Alijiuliza. Mama angeumia, hilo halikuwa na mjadala. Sharti lilikuwa moja tu, naye angelivunja. Tena aliogopa jambo la aibu zaidi. Alijua huzuni hupendwa mtandaoni, watu huifuata kama nzi wanavyofuata sukari, na hakutaka kuuza magauni kwa machozi ya mama yake. Lakini hofu kubwa kuliko zote hakuweza kumweleza mtu. Maadamu hajasema waziwazi, aliweza kujidanganya kwamba dada hajaona. Akisema, na dada akanyamaza, ungekuwa ndio mwisho wa kujidanganya.

Alisitasita hadi akajichosha, kisha akapiga moyo konde. Alimpiga picha Bi Kimya bila nguo, na kitambaa chake cheupe kilichojaa viraka, na bega lake. Aliandika maneno mazuri akayafuta, kwa sababu yalikuwa mazuri. Mwishowe alibaki na haya: "Sanamu hii ilijazwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Bega limeshuka kwa sababu mwenyewe alimbeba mdogo wake. Hatutalinyoosha." Aliibonyeza simu akiwa kwenye ujia wa chuo, mchana kweupe, wanafunzi wakipita na vitabu vyao, kisha akaitumbukiza mkobani kama mtu aliyerusha jiwe uani kwa watu.

Picha ile ilisafiri kuliko zote. Watu wasiomjua walimwombea dua, wakasimulia dada zao. Dada yake hakusema kitu.

Aliyefikisha habari dukani alikuwa mteja aliyekuja kuchukua sketi yake. Alimuuliza fundi, kwa wema tu, hajambo yule binti mwenye bega? Mama akajibu kwamba hajambo, akaikunja sketi, akaitia kwenye mfuko wa mteja, akamsindikiza mteja hadi mlangoni. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiwaambie watu," Msemaji alisema. "Sikuwa nikiwaambia watu, mama. Nilikuwa nikimwambia yeye."

Mama alikaa kwenye cherehani. Aliingiza uzi kwenye tundu la sindano, ukakosa, akaulamba, ukakosa tena.

"Amejibu?"

"Bado."

Mama aliutia uzi, akaanza kushona. Hawakulizungumza tena. Ila tangu siku ile alizua mazoea mapya. Asubuhi kabla ya salamu alimuuliza Msemaji kama simu yake ina chaji. Mchana alimuuliza kama mtandao unashika vizuri humu ndani, au asogee mlangoni. Mwanamke ambaye alikuwa akiiita simu ugonjwa sasa aliiuguza. Msemaji alicheka moyoni, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu sasa walikuwa wawili wa kukatishwa tamaa, na wa pili alimleta yeye.

Siku ya kuwasilisha kazi ilifika. Alisimama mbele ya darasa, akaonyesha picha, akataja wafuasi na wateja wapya. Mwishoni mhadhiri alimuuliza mtu aliyemwandikia ni nani hasa, maana picha ile ya sanamu haikuonekana kuandikiwa mwanamke wa makamo mpenda rangi.

"Ni dada yangu," Msemaji alisema.

Mhadhiri aligeuzageuza ile kalamu yake isiyoandika. Alimuuliza, kwa upole, lengo limefikiwa?

"Bado."

"Muda wa kampeni umekwisha."

"Najua, mwalimu. Wangu haujaisha."

Alifaulu, lakini si kwa alama alizotarajia. Mhadhiri alieleza kwamba kazi ni nzuri ila haina matokeo yanayoonekana, na Msemaji alikubali kwa kuwa ilikuwa kweli. Chuo kikafungwa. Akawa anashinda dukani akishikiza vifungo, na ukurasa aliuendesha kwa mazoea tu, rangi ya leo na kitambaa cha kesho. Watu waliisahau ile picha, kama wanavyosahau.

Ilikuwa asubuhi ya kazi, pasi imeshika moto na mama anainyooshea pindo la suruali ya mtu. Simu ikatikisika mezani kati ya chaki na mkasi. Msemaji aliitazama bila haraka. Chini kabisa ya picha ya Bi Kimya, baada ya dua zote na mioyo yote, akaunti isiyo na picha ilikuwa imeandika maneno machache. Aliyasoma, akayasoma tena, kisha akakaa juu ya kifurushi cha vitambaa.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

Msemaji aliinyanyua simu asome kwa sauti.

"Imeandikwa: Bega ni lenyewe. Kiuno sicho tena."

Pasi ilikuwa imesimama mahali pamoja. Mama aliinyanyua kwa wakati, akaiweka kando.

"Soma tena."

Akasoma tena. Mama hakusema dada amenenepa, wala amezaa, wala hakuuliza yuko wapi. Aliuvua ule utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake, akaenda dirishani, akamgeuza Bi Kimya awatazame, mgongo wake akiuelekeza barabarani.

"Muulize," alisema, "kiongezwe kiasi gani."

Vidole vya Msemaji vilikosea herufi, vikafuta, vikaanza upya. Alipoinua macho, mama alikuwa ameshafumua mshono wa kiunoni, amesimama na bonge la pamba mkononi, akingoja.